Gari la otomatiki linapozimika ghafla: Ugonjwa unaojificha fundi akifika

GARI limetoka nyumbani asubuhi likiwa halina dalili yoyote ya ugonjwa. Limepita Mwenge, limefika Morocco, taa nyekundu imewaka na dereva amekanyaga breki. Mara mshale wa mizunguko ya injini unaanguka hadi sifuri, taa za dashibodi zinawaka zote kwa pamoja na kiyoyozi kinaanza kupuliza hewa ya joto. Injini imekufa. Nyuma yake honi zinaanza. Dereva anarudisha mkono wa gia kwenye P, anazungusha ufunguo, na gari linawaka mara moja kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jioni analipeleka gereji. Fundi analiwasha, analikanyagia mafuta, anazunguka nalo mtaa mzima, na gari halizimiki hata mara moja. Hata hivyo, kwa kuwa mteja amekuja na anataka kuona kitu kikifanyika, plagi zinabadilishwa. Baada ya siku nne gari linazimika tena, safari hii inabadilishwa filta ya mafuta. Wiki inayofuata ni zamu ya pampu. Mwenye gari ametumia fedha mara tatu na ugonjwa bado uko pale pale.

Kuzimika kwa aina hii, ambako huja na kuondoka, ni miongoni mwa matatizo magumu kuliko yote katika ufundi wa magari. Sababu si kwamba chanzo chake ni cha ajabu. Mara nyingi ni kifaa kidogo au waya uliolegea. Ugumu ni kwamba gari linapofika mbele ya fundi huwa limekwisha kupona, na shahidi pekee aliyeuona ugonjwa ukitokea ni dereva, ambaye kwa kawaida haulizwi maswali ya kutosha.

Kwa wakazi wa miji kama Dar es Salaam jambo hili lina uzito wa pekee, kwani magari mengi madogo yanayotembea barabarani yaliagizwa Japani yakiwa yametumika, na mengi yana giaboksi ya otomatiki. Dereva wa gari la gia za mkono likimzimikia katika mwendo anaweza kuliacha liendelee kuserereka, akaachia klachi na injini ikashtuka ikawaka. Wa otomatiki hana njia hiyo. Injini na magurudumu vimeunganishwa kwa mafuta ya haidroliki badala ya klachi ya mguuni, na injini ikishakufa pampu inayoyasukuma mafuta hayo nayo imekufa.

Wapo wanaoliona tatizo hili kuwa ni usumbufu tu wa kupigiwa honi. Yaliyotokea Marekani yanaonyesha vinginevyo. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliyaita magari madogo yapatayo milioni 2.6, yakiwamo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, kwa sababu swichi ya ufunguo ilikuwa dhaifu. Uzito wa shada la funguo au mtikisiko wa barabara uliweza kuirudisha swichi hiyo nyuma, injini ikazimika gari likiwa katika mwendo, usukani ukawa mzito na mifuko ya hewa ikashindwa kufunguka wakati wa ajali. Mfuko wa fidia ulioundwa na kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Uchunguzi uliofanywa kwa agizo la kampuni yenyewe ulibaini kuwa kwa miaka mingi suala la swichi hiyo lilikuwa limewekwa katika kundi la kero za wateja, wala si la usalama.

Kisa hicho kina funzo dogo ambalo halihitaji gereji. Dereva ambaye ufunguo wa gari lake umefungwa pamoja na funguo za nyumba, ofisi na kufuli tatu za geti autoe peke yake kwa wiki moja, kisha aangalie kama gari litaendelea kuzimika.

Kwanza daftari, spana baadaye

Hatua ya kwanza ya utafiti haina gharama. Kila gari linapozimika dereva aandike, hata kwenye simu yake, mambo machache: injini ilikuwa ya moto au ya baridi, gari lilikuwa limesimama, linapunguza mwendo au linakimbia, mkono wa gia ulikuwa kwenye D au N, kiyoyozi kilikuwa kimewashwa au la, tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani, na lilichukua muda gani kuwaka tena. Matukio matano yaliyoandikwa hivyo humsaidia fundi kuliko saa tatu za kuzunguka na gari lisilotaka kuzimika.

La pili ni namna lilivyokufa. Injini iliyokatika ghafla, kama taa iliyozimwa kwenye swichi, kwa kawaida imepoteza umeme: umeme wa plagi, wa pampu ya mafuta au wa kompyuta ya gari. Injini iliyokohoa, ikatetemeka, ikapungua nguvu kisha ikafa, kwa kawaida imepungukiwa mafuta au imepata hewa isiyo na kipimo. Tofauti hii moja huwaondoa watuhumiwa karibu nusu.

Vilevile redio ina ushahidi wake. Ikiwa injini imezimika na redio, saa na taa za dashibodi navyo vimezimika kwa wakati huo huo, basi macho yaelekezwe kwenye vichwa vya betri vilivyolegea au kuota ukoga, kwenye waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi, na kwenye swichi ya ufunguo. Ikiwa redio imeendelea kuimba, betri haina kosa.

Hapa madereva wengi hupotoka. Baada ya injini kufa, taa ya betri na taa ya oili huwaka, na mwenye gari huenda kwa fundi akidai altaneta imekufa au oili imekwisha. Taa hizo huwaka kwa sababu injini haizunguki, na kila gari hufanya hivyo ufunguo ukiwa umewashwa bila injini kunguruma. Yenye maana ni taa iliyowaka kabla ya gari kuzimika.

Kuna pia gari lisilo na ugonjwa wowote. Baadhi ya magari ya Japani ya miaka ya karibuni yametengenezwa ili yajizime yenyewe kwenye taa za barabarani na kujiwasha breki inapoachiwa, kwa nia ya kuokoa mafuta. Yale ya mseto wa petroli na umeme nayo huizima injini mara kwa mara. Mnunuzi mpya asiyelijua hilo anaweza kufika gereji kutafuta tiba ya kitu alichokinunua pamoja na gari.

Joto na dakika ishirini

Mtindo mmoja ambao mafundi wazoefu huutambua haraka ni huu: gari linawaka vizuri asubuhi, linatembea nusu saa hadi saa nzima, kisha linakatika ghafla. Halikubali kuwaka. Dereva anafungua boneti, anasubiri dakika ishirini au thelathini, anajaribu tena, na linawaka. Waliokuwa wakimwagia maji ya kunywa juu ya injini hudhani maji ndiyo yaliyoitibu. Kilichoitibu ni kupoa.

Mtuhumiwa mkuu hapa ni kihisi cha mzunguko wa kranki shafti, ambacho mafundi hukiita sensa ya kranki. Kifaa hiki huitazama kranki ikizunguka na kuiambia kompyuta lini ipeleke cheche na lini inyunyize petroli. Katika magari mengi ndani yake kuna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Ukiwa na ufa usioonekana, joto huutanua na waya hukatika, ukipoa huungana tena. Bila habari kutoka kwa kihisi hicho kompyuta huona kama injini haizunguki, nayo hukata kila kitu. Dalili yake nzuri ni mshale wa mizunguko unaodondoka sifuri papo hapo gari likiwa bado linakimbia, au unaolala bila kutikisika wakati starta inazungusha injini.

Kipimo cha kihisi kilichopoa hakisemi kitu. Ni lazima kipimwe kikiwa cha moto, na fundi mwenye subira hukipasha kwa kikausha nywele huku akisoma mita. Njia hiyo hiyo hutumika kwa koili na kwa kile kifaa cha kuongoza cheche kwenye magari ya zamani yenye distribyuta.

Rilei nayo ina tabia hiyo. Mfano unaojulikana na mafundi wa nchi nyingi ni rilei kuu ya mafuta kwenye magari ya Honda, kama Civic na Accord, ya miaka ya themanini na tisini. Ilifungwa chini ya dashibodi, na joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani liliipasua risasi ya kulehemu kwenye kibao chake. Gari likikaa juani halikuwaka, likifunguliwa madirisha likapoa liliwaka. Namna ya kuipima ni kufungua ufunguo bila kuwasha na kusikiliza: pampu ndani ya tangi inapaswa kuvuma kwa kiasi cha sekunde mbili. Kimya kina maana kwamba umeme haufiki kwenye pampu au pampu yenyewe imegoma. Wapo waliobadilisha pampu nzima kwa kosa la tone la risasi lenye ufa.

Wala si magari ya zamani pekee. Mwaka 2010 Toyota iliita zaidi ya magari milioni moja ya Corolla na Matrix ya kuanzia mwaka 2005 hadi 2008 huko Amerika ya Kaskazini, kwa kuwa nyufa ziliweza kutokea kwenye kibao cha kompyuta ya injini na kuifanya injini ikatike. Mwaka 2020 kampuni hiyo ikaanza kuita mamilioni ya magari duniani kwa sababu ya pampu ya mafuta ambayo gurudumu lake dogo la plastiki liliweza kunyonya petroli, likavimba na kukwama. Mmiliki wa gari lililonunuliwa mnadani Japani hana uhakika kwamba mwito kama huo ulimfikia mwenye gari wa kwanza. Namba ya chesisi inaweza kutumika kuulizia kwa mtengenezaji, na inafaa kufanya hivyo kabla ya kununua pampu mpya.

Kuzimika kwenye taa

Gari linalozimika wakati wa kusimama, kisha likawaka mara moja, ni habari nyingine. Hapa umeme kwa kawaida haujakatika. Injini imeshindwa kujibeba dereva alipoondoa mguu kwenye mafuta.

Injini ndogo ya petroli iliyopata moto hunguruma kwa mizunguko ipatayo 650 hadi 800 kwa dakika gari likiwa limesimama, mngurumo ambao mafundi wa mitaani huuita sailensi. Katika gari la otomatiki mngurumo huo hubeba mzigo hata pale mguu unapokuwa kwenye breki, kwani D ikiwa imeingia injini inaendelea kuisukuma giaboksi. Kiyoyozi kikijiwasha, mzigo unaongezeka. Dereva akikata kona ya kuegesha, pampu ya usukani nayo inaomba sehemu yake. Injini yenye afya huongeza hewa kidogo na kuvuka. Iliyodhoofika hufa.

Chanzo kinachoongoza ni uchafu. Kwenye mlango wa hewa, yaani throtali, hujikusanya masizi meusi ya mafuta yanayoziba upenyo mwembamba ambao injini hupumulia wakati wa kusimama. Magari mengi yana pia valvu ndogo ya umeme inayoongeza na kupunguza hewa hiyo, nayo hukwama kwa masizi hayo hayo. Kuisafisha kwa dawa yake na kitambaa ni kazi isiyozidi saa moja, na kwa haki ingepaswa kutangulia ununuzi wa kifaa chochote. Injini za Toyota za mfumo wa D-4, ambazo hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda na ambazo ziko kwenye baadhi ya Nadia, Premio, Noah na RAV4, zina sifa ya kujaza masizi kwenye njia ya hewa, kwa sababu petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia na kuziosha kama ilivyo kwa injini za kawaida.

Uvujaji wa hewa hufanana na hali hiyo. Mpira uliopasuka nyuma ya chujio la hewa huingiza hewa ambayo kompyuta haikuipima. Ufa mwingine hufunguka pale tu injini inapojipinda kwenye vishikizo vyake, kwa mfano gia ya kurudi nyuma inapoingizwa. Ndiyo maana lipo gari linalozimika likiwekwa R na kamwe halizimiki likiwa D.

Kuna na kosa la gereji yenyewe. Betri inapofunguliwa, kompyuta za magari mengi husahau kipimo cha hewa zilichojifunza kwa miezi. Gari lililofanyiwa kazi nyingine kabisa hurudi nyumbani likizimika kwenye kila taa, na baada ya siku chache za kuendeshwa hujirekebisha. Kama kuzimika kulianza siku ile ile betri ilipofunguliwa, subira kidogo ni tiba ya bei nafuu.

Giaboksi inapoiua injini

Hadi hapa watuhumiwa wote wangeweza kukutwa kwenye gari la aina yoyote. Mmoja ni wa otomatiki peke yake, na ndiye husahauliwa zaidi kwa sababu mafundi wengi huamini kwamba giaboksi inaweza kuchelewa, kugonga au kuteleza, lakini si kuizima injini.

Kati ya injini na giaboksi kuna toki konveta. Ni kama mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya chungu kilichojaa mafuta. La kwanza huzungushwa na injini, na mafuta linayoyarusha hulisukuma la pili. Kwa kuwa hayagusani, gari linaweza kusimama kwenye D huku injini ikinguruma. Hasara yake ni mteleziko: pangaboi la pili halifikii kasi ya la kwanza, na petroli hupotea bure. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliongeza klachi ndogo ndani ya chungu hicho, inayoyafunga mapangaboi yote mawili yazunguke kama kitu kimoja gari linapokuwa kwenye mwendo uliotulia. Packard ya Marekani ilikuwa na mpango huo tangu mwaka 1949, lakini ulienea baada ya bei ya mafuta kupanda katika miaka ya sabini.

Klachi hiyo inapaswa kujiachia dereva anapopunguza mwendo. Amri ya kuachia hupitia kwenye valvu ya umeme iitwayo solenoidi, ndani ya giaboksi. Ikikwama kwa uchafu wa mafuta yaliyochoka, klachi inabaki imefungwa. Gari linakaribia kusimama huku injini ikiwa bado imefungwa na magurudumu, na kinachofuata kinajulikana na kila aliyejifunza udereva kwa gia za mkono akasahau kukanyaga klachi: gari linatetemeka, linajivuta mara mbili tatu, na injini inazima. Otomatiki nyingi za General Motors za miaka ya themanini zilipata sifa mbaya kwa ugonjwa huu hasa, na kuchomoa plagi ya solenoidi ilikuwa namna ya fundi kuuthibitisha. Kwenye magari ya sasa kuchomoa hivyo huifanya kompyuta iandike hitilafu nyingine na kuizuia giaboksi kubadili gia kama kawaida, hivyo si kazi ya kujaribu nyumbani.

Dereva anaweza kupata dokezo bila kufungua kitu. Asafiri umbali wa kutosha injini na giaboksi vipate moto, kisha katika barabara tulivu, anapokaribia kusimama, ahamishe mkono wa gia kwenda N. Ikiwa gari linazimika kila likisimama kwenye D na kamwe si kwenye N, giaboksi imeingia katika orodha ya watuhumiwa. Hata hivyo dokezo hilo halitoshi peke yake, kwa sababu injini yenye sailensi dhaifu nayo hupona ikipunguziwa mzigo. Kinachozitenganisha ni mazingira. Injini dhaifu huelekea kufa popote inapowekewa mzigo, hata ikiwa imesimama uwanjani na D ikaingizwa. Klachi iliyokwama huiua injini baada ya safari ya kasi, gari likiwa la moto, na humtikisa dereva kabla ya kuzima.

Kipimo kingine ni rahisi zaidi. Kwenye magari mengi swichi inayowasha taa za breki ndiyo pia huiarifu kompyuta kwamba breki imekanyagwa na klachi ya toki konveta iachiwe. Mtu mmoja asimame nyuma ya gari wakati mwenzake anakanyaga breki mara kadhaa. Taa zinazowaka kwa kusitasita ni sababu ya kubadili swichi hiyo, ambayo ni ya bei ndogo, kabla ya kuizungumzia giaboksi.

Halafu kuna kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, kwa magari yenye nacho. Mafuta yenye rangi nyekundu na harufu ya kawaida ni habari njema. Meusi yenye harufu ya kuungua ni ishara kwamba vumbi la klachi linazunguka ndani na linaweza kukwamisha valvu. Yakibadilishwa, yawe ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji. Giaboksi za CVT, ambazo ziko kwenye magari mengi madogo, zina mafuta yake, na kuzitilia yale ya otomatiki ya kawaida ni kununua tatizo kubwa kuliko lililokuwapo.

Mafuta yenyewe

Ubora wa petroli nao umewahi kuwa kilio. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa na petroli au dizeli, na neno 'kuchakachua' likaingia katika mazungumzo ya kila mtu. Maji katika tangi huleta dalili za kukohoa na kuzimika muda mfupi baada ya kujaza, na kuandika ni kituo gani kilitumika kunaweza kumaliza utafiti mapema.

Lakini tabia ya kuweka mafuta kidogo kidogo huenda ina madhara zaidi. Pampu hukaa ndani ya tangi na hupozwa na petroli inayoizunguka. Gari linaloendeshwa daima taa ya mafuta ikiwa inawaka huichosha pampu kwa joto, na kwenye mlima au kona petroli iliyobaki hukimbilia upande mmoja na kuiacha pampu ikinyonya hewa. Gari linalozimika likipanda kilima cha Kimara pekee lijaziwe nusu tangi kwanza kabla ya kupelekwa kwa yeyote.

Mashine inayosoma hitilafu ni msaada mkubwa, nayo isiogopwe wala kuabudiwa. Hitilafu ya kupita inaweza kubaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta hata baada ya taa ya injini kuzimika, mradi betri haijafunguliwa. Toyota nyingi za miaka ya tisini hazihitaji hata mashine: kwenye kisanduku kidogo ndani ya boneti matundu ya TE1 na E1 huunganishwa kwa kipande cha waya, na taa ya injini huhesabu namba ya hitilafu kwa kupepesa. Namba hiyo hutaja mkondo wenye kasoro, ambao unaweza kuwa ni waya, plagi yake au kifaa. Kukimbilia kubadili kifaa kwa sababu namba imekitaja ndiko kunakojaza makabati ya watu vipuri vizima.

Inapotokea barabarani

Injini ikifa gari likiwa katika mwendo, usukani hauharibiki, unakuwa mzito tu. Breki nazo hubaki na akiba ya nguvu ya kukanyagwa mara chache, kwa hiyo ikanyagwe mara moja kwa uthabiti na isipigwepigwe. Ufunguo usirudishwe hadi mwisho, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Taa za tahadhari ziwashwe, mkono wa gia upelekwe N, ambako starta inaruhusiwa kufanya kazi bila kulisimamisha gari, na ijaribiwe kuwashwa huku dereva akilisogeza pembeni. P isiguswe gari likiwa linatembea.

Likigoma kabisa, vijana wa kusukuma watakaojitokeza walisukume hadi ukingoni na si zaidi, kwani otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa. Gari la kuvuta likifika, lile linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele linyanyuliwe mbele, na lenye kuendesha magurudumu yote manne lipakiwe juu mzima mzima. Pampu ya giaboksi huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezimwa gia huzunguka bila mafuta njia nzima kuelekea gereji.